Nilienda Japani kuangalia maji yakianguka: siku nne Minoo na Nachi

Nimerudi Tanga wiki ya tatu sasa na kila nikikaa mahali naulizwa picha za Japani, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja nipumzike. Nimeungaunga kutoka kwenye noti za simu, picha (zile zinazoonyesha saa zimeniokoa sana) na bahasha moja ya risiti ambayo ililoa njiani, nyingine hata hazisomeki.

Nilikuwa Osaka kwa kozi ya miezi miwili ya kuhifadhi samaki. Mwisho wa Novemba 2023 wao walikuwa na sikukuu siku ya Alhamisi, Ijumaa tukaomba ruhusa, Jumamosi na Jumapili hakuna darasa, basi tukapata siku nne. Mwenzangu ni dada mmoja wa Lamu, naye ni mtu wa samaki kwenye kaunti yao, anaongea kuliko redio. Yeye alitaka Tokyo. Mimi nikamwambia Tokyo ni majengo, twende tukaone maporomoko. Akanijibu, "shoga, mimi nimezaliwa kisiwani, maji pande zote, leo unilipishe nauli nikaangalie mengine?" Lakini alikuja, na alikuja na begi kubwa kuliko langu.

Hesabu ya hela kabla sijasahau, wakati ule yen 100 ilikuwa kama shilingi 1,650 za kwetu. Sasa nikitaja bei piga mwenyewe, mimi nilivyokuwa napiga kila mara nilikosa raha ya kula.

ALHAMISI 23 NOVEMBA, MINOO

Minoo ni karibu mno na Osaka, yaani ni kama mtu wa Tanga mjini kusema anakwenda Amboni. Unapanda treni ya Hankyu pale Osaka-Umeda, unashuka Ishibashi handai-mae, unavuka kwenye kale kareli kadogo kenye vituo vichache, mwisho wa reli ndiyo Minoo. Nusu saa hivi, yen 280. Hiyo reli ilifunguliwa mwaka 1910 na tangu mwanzo ilikuwa inawapeleka watu wa mjini kwenye haya haya maporomoko, kwa hiyo tulikuwa tunafuata njia iliyokanyagwa na wengi.

Na wengi kweli. Ilikuwa sikukuu, majani ya mipeli yamegeuka mekundu, jua limetoka, Osaka nzima imehamia pale. Mipeli ni ile miti ambayo majani yake yamekaa kama kiganja cha mtoto, wenyewe wanaita momiji. Kutoka stesheni mpaka kwenye maporomoko ni kama kilomita 2.8, njia ya lami inapanda polepole pembeni ya mto, wazee wanatembea, akina mama wanasukuma vigari vya watoto, vijana wamebeba kamera kubwa kama bomba la maji. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika 40. Sisi tulitumia saa moja na nusu, kosa la mafuta.

Maana yake ni hivi. Ukitoka tu stesheni unakuta vibanda vinakaanga majani. Ndiyo, majani ya mpeli, yanachovywa kwenye unga wenye sukari na ufuta halafu yanatiwa kwenye mafuta. Niliposikia nikajua ni kiini macho cha watalii, lakini mama mmoja muuzaji akatuelezea kwa simu ya kutafsiri kwamba majani hayaokotwi chini, kuna miti inapandwa kwa kazi hiyo, majani yanalazwa kwenye chumvi mwaka mzima ndiyo yakaangwe, na yeye anakaa na kila mkupuo kama dakika ishirini akigeuza na vijiti. Mwaka mzima kwenye chumvi! Ng'onda wetu hawafiki huko. Pakiti ndogo ilitutoka yen 400. Ladha ni visheti, visheti kabisa, jani lenyewe hulisikii, unasikia unga, sukari na ufuta. Dada wa Lamu alimaliza pakiti yake akaanza yangu. Na tuliuliza mafuta, ni ya mimea, kwa hiyo kwa Waislamu wenzangu hapo hakuna shaka.

Halafu ukiwa umeshika pakiti ndiyo unaona mabango ya nyani. Zamani walikuwa wanashuka mpaka njiani kunyang'anya watu chakula, wakaja wakapiga marufuku kuwalisha, tangu 2010 ukikamatwa unawalisha unaweza kutozwa faini mpaka yen 10,000. Wamerudi msituni kwao. Hatukuona hata mkia.

Katikati ya njia kuna hekalu la Ryuan-ji, daraja lake jekundu, hapo ndipo wanaposema mchezo wa bahati nasibu wa Japani ulianzia, miaka hiyo watu walikuwa wanachomolewa majina kwenye sanduku wapewe hirizi. Tulipita. Kilichonifurahisha zaidi ni jiwe moja kubwa limekaa pembeni ya njia kama limedondoka jana, karibu na maporomoko. Linaitwa jiwe la mgeni aliyegeuza. Eti zamani bwana mkubwa mmoja kutoka China alisikia sifa za maporomoko akaja mpaka hapo, akaona milima inavyobana na njia ilivyo mbaya, akaogopa akarudi zake. Mwenzangu akatazama jiwe, akatazama viatu vyake vipya, akasema huyo bwana alikuwa na akili.

Tukafika. Maporomoko ya Minoo yana mita 33, si makubwa, ila yamekaa vizuri, mwamba umepinda na maji yanateremka juu yake yakitanuka, na hapo ndipo nilipoelewa jina. Kwa maandishi yao, herufi ya kwanza ya Minoo maana yake ni ungo. Ungo huu huu wa kupepetea mchele, wanasema maji yanavyoshuka yanafanana na uso wa ungo. Nikasimama pale nikamuona bibi yangu Pangani anapepeta, pumba zinaruka, na ukweli ule mvuke wa maji unavyorushwa pembeni ni pumba kabisa. Nilimwambia mwenzangu, akasema, "sasa umeanza."

Kukaa ni shida siku kama ile. Mabenchi yote yamejaa, watu wametandika vitambaa wanakula vyakula walivyofunga nyumbani kwenye vibweta vidogo. Tukasimama pembeni tumeshika maandazi ya dukani kama wageni wa harusi waliochelewa. Bibi mmoja na mumewe wakatuona, wakasogea, wakapiga piga mkeka kwa mkono, kaeni. Tukakaa. Wakatupa vipande vya tunda la persimoni lililomenywa, tukawapa korosho zangu za Mtwara nilizokuwa nimebaki nazo, yule mzee akatafuna moja moja taratibu kama anahesabu. Hatukuongea hata sentensi nzima. Dakika ishirini hivi.

Kwa atakayekwenda: usiende siku ya sikukuu mwezi wa 11 kama unataka utulivu, nenda siku ya kazi asubuhi. Hakuna kiingilio. Hakuna mapipa ya taka njiani pia, beba mfuko wako, tulirudi na takataka zetu mpaka hosteli. Na giza linaingia kabla ya saa kumi na mbili, saa kumi na moja tu kwenye bonde kunaanza kuwa kweusi, geuza mapema.

IJUMAA 24, TRENI

Kwenda Nachi, kwenye maporomoko ya pili, ni safari ya kweli. Treni inaitwa Kuroshio, kutoka Osaka mpaka Kii-Katsuura ni kama saa nne, karibu yen 7,000 mtu mmoja upande mmoja, na viti vyote ni vya kukata kwa namba, huwezi kupanda tu ukabahatisha. Omba kiti cha dirishani upande wa kulia kwa kuelekea kusini, bahari yote iko huko. Sisi tulipewa kushoto, tukaangalia milima na mashamba ya machungwa. Mashamba ya machungwa Wakayama hayaishi, yamepanda mpaka juu kwenye miteremko, nikakumbuka Muheza.

Kwenye treni hakuna muuzaji wa chakula, kumbuka hilo. Mimi nilibeba matonge matatu ya wali wenye samaki ndani yaliyofungwa mwani, mwenzangu hakubeba kitu kwa sababu alijua mimi nimebeba.

Baada ya Shirahama watalii karibu wote walishuka (huko kuna fukwe, na wakati ule kulikuwa na panda, treni yenyewe nyingine ilikuwa imechorwa uso wa panda), tukahamia kulia. Ndipo bahari ilipoanza kutuongelesha. Kuroshio maana yake ni mkondo mweusi, ndiyo mkondo unaopita nje ya pwani ile ukitoka kusini na maji ya moto, na kweli maji ya kule ni buluu iliyozidi mpaka yanakaribia weusi. Karibu na Kushimoto unaona miamba imesimama baharini kwenye mstari mmoja kama nguzo za gati lililobomoka.

Kushimoto hiyo hiyo ndiyo mahali ilipozama meli ya kivita ya Waturuki, Ertuğrul, Septemba 1890, ilikuwa inarudi kwao baada ya kupeleka salamu za Sultani kwa mfalme wa Japani. Ilipiga mwamba usiku kwenye dhoruba, wakafa zaidi ya 500, wakapona 69. Wanakijiji wa kisiwa cha pale waliwabeba migongoni, wakawapasha joto kwa miili yao, wakawachinjia kuku wao. Mwalimu wetu wa kozi ndiye aliyetuambia, akasema Waturuki mpaka leo hawajasahau. Dada wa Lamu alinyamaza dirishani hapo, akasoma Fatiha kidogo.

Katsuura tuliingia saa nane na kitu. Mji mdogo, bandari imezungukwa na visiwa, harufu ya chumvi na dizeli, nikajisikia nyumbani kabla sijatoka stesheni. Tulilala nyumba ya wageni ya mama mmoja, yen 4,500 kila mtu, chumba cha mikeka, magodoro unatandika mwenyewe. Tulivyomwambia hatuli nguruwe wala kitu chenye pombe alichukua daftari akaandika, akaenda jikoni akaja na chupa moja moja, sosi ya soya hii, siki hii, hii tupa kule, hii sawa. Mpaka nikaona aibu. Halafu akauliza kama tunahitaji kujua magharibi ni wapi. Kumbe aliwahi kulaza wageni wa Malaysia. Kwa kule kibla ni magharibi ikipinda kidogo kaskazini, yeye alitoka akaonyesha kwa mkono mzima, kuelekea nguzo ya umeme.

JUMAMOSI 25, NACHI

Siku ilianza vibaya na kosa ni langu. Jana yake nilipiga picha ratiba ya basi kituoni, nikapanga kila kitu, tukafika asubuhi kwa raha zetu, kituo kitupu. Nilikuwa nimesoma safu ya siku za kazi. Jumamosi ni safu nyingine. Letu limeondoka dakika nane zilizopita na linalofuata ni zaidi ya saa nzima. Mwenzangu hakusema kitu, akakaa juu ya begi lake akanitazama tu, hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mzee mmoja alikuwa anafagia mbele ya duka lililofungwa. Akauliza "Nachi?" Tukasema Nachi. Akaweka ufagio, akaenda nyuma, akarudi na gari dogo la zile namba za njano, dogo mpaka magoti yangu yalikuwa karibu na masikio. Njiani akauliza tunatoka wapi, nikasema Tanzania, akapiga usukani kwa furaha, "Kilimanjaro! Kohi!" Kahawa ya Kilimanjaro wanaijua kule hata madukani. Lamu hakuijua, na hilo lilizungumzwa mpaka jioni. Alipofika mto Nachi akapunguza mwendo akaonyesha kwa mkono kimo cha maji, juu ya paa la gari. Septemba 2011 kimbunga kilileta mvua ya siku kadhaa, mto ukashuka na mawe na miti ukachukua nyumba na watu. Alisema kwa maneno machache sana na sisi hatukuwa na ya kumjibu. Hela ya mafuta alikataa kabisa. Nikampa pakiti ya chai ya tangawizi niliyokuwa nayo, akanusa, akaiweka mfukoni wa kifuani.

Alitushusha Daimonzaka. Kama una miguu usiende na basi moja kwa moja mpaka kwenye maporomoko, shuka hapa upande kwa miguu. Ni kipande cha njia za zamani za kuhiji za Kumano, zile zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2004, na eneo lote hilo liko ndani ya hifadhi ya taifa ya Yoshino-Kumano. Ngazi za mawe 267, mita mia sita hivi, mawe yameota kuvu ya kijani na hayalingani, moja fupi moja refu. Mwanzoni kuna fimbo za mianzi, unaazima bure, kutoa chochote ukirudisha ni hiari ya moyo wako. Chukua! Usiku mvua ilikuwa imenyesha na mawe yalikuwa kama yamepakwa bamia.

Mierezi ya pale siwezi kuielezea vizuri. Mlangoni kuna miwili inaitwa mke na mume, imesimama kila mmoja upande wake wa njia, ina kama miaka 800, na mizizi yake imeshikana chini. Mwanga unaingia kwa vipande. Watu wote wananong'ona bila kuambiwa.

Zamani wafalme waliostaafu walikuwa wanatoka Kyoto kwa miguu kuja hapa, mmoja, Go-Shirakawa, alikuja zaidi ya mara thelathini, na baadaye wakaja watu wa kawaida kwa wingi mpaka ukatokea msemo wa msafara wa sisimizi wa Kumano. Na wanawake waliruhusiwa, wakati milima mingi mitakatifu ya kule ilikuwa inawafukuza. Tulikuwa tunapumzika ngazi ya mia na ngapi sijui, bibi wawili wamevaa nguo nyeupe za mahujaji, fimbo zao zina kengele, wakatupita wanaongea kama wanakwenda sokoni. Tunaita hiyo fedheha.

Ukimaliza mierezi unadhani umefika, kumbe kuna ngazi nyingine zaidi ya mia nne katikati ya maduka. Hapo nilinunua pipi nyeusi, ntazirudia mwishoni. Juu kabisa kuna ziara la Kishinto, dini yao ya asili, Kumano Nachi Taisha, jekundu, na ukuta kwa ukuta na hekalu la Kibudha, Seiganto-ji, la mbao za zamani zisizo na rangi, jengo la 1590 alilolijenga upya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani enzi hizo. Hekalu hilo ndilo la kwanza kwenye mzunguko wa mahekalu 33 ya eneo lile la magharibi. Dini mbili ua mmoja. Sisi tulisimama pembeni tukaangalia, hatukuinama, hatukupiga makofi, na hakuna aliyetutazama vibaya. Mtandio haukuwa shida mahali popote, naulizwa sana hilo na dada zangu.

Kila mahali kuna picha ya kunguru mwenye miguu mitatu, Yatagarasu, ndiye aliyemwongoza mfalme wa kwanza wa Japani njiani kwa hadithi zao, na ndiye yuko kwenye nembo ya chama chao cha mpira. Kunguru! Sisi pwani kunguru tunampiga mawe anaiba vifaranga na sabuni, kule ana heshima ya mtume. Nikanunua sumaku yake ya friji.

Sasa maporomoko. Unayaona kwanza kwa mbali nyuma ya pagoda nyekundu ya ghorofa tatu, ile picha ambayo kila mtu anayo, na mimi ninayo, nimepiga thelathini na nne. Kisha unashuka, unavuka barabara, unapita lango la mawe, ngazi tena za kushuka, na sauti inaanza kukuingia kifuani kabla hujaona kitu.

Mita 133. Yanaanguka mara moja, hayapumziki popote. Juu kabisa maji yanagawanyika mara tatu kwenye mdomo wa mwamba, na kuna kamba nene ya majani imefungwa kuvuka pale juu, kutoka chini inaonekana kama uzi. Wanapanda kuibadilisha mara mbili kwa mwaka. Na kitu ambacho sikukielewa mpaka niliposimama pale ni kwamba hakuna nyumba. Maziara yote niliyoona Japani yana jengo la ndani ambalo mungu wao anakaa na wewe huruhusiwi kuingia. Hapa kuna lango, kuna mahali pa kusimama, na mbele yako ni maji tu. Anayeabudiwa ni poromoko lenyewe. Minoo juzi yake tu watu walikuwa wanakula mbele ya maji, watoto wanalia, na ni sawa kabisa, ni bustani. Hapa baba mmoja alimshusha mwanae mabegani kwanza ndipo akasogea.

Mimi nilisema Subhanallah nikaishia hapo. Dada wa Lamu, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, alikaa kama dakika kumi bila neno. Halafu akasema kwa Kiamu chake, "Kwetu mai ni ya kulala. Sikuwahi kuona mai yalosimama."

Kuna kibaraza cha karibu zaidi, yen 300, lipa, inastahili, unalowa uso. Humo kuna maji yanatoka kwenye mdomo wa joka la jiwe, unanunua kikombe yen 100 unakunywa kwa ajili ya umri mrefu. Mwenzangu akasema yeye Zamzam inamtosha. Nje kidogo kuna picha za sherehe ya moto ya tarehe 14 Julai, wanaume waliovaa nyeupe wanabeba mienge 12, kila mmoja kama kilo 50, kwenye zile ngazi. Nilizishuka na begi la mgongoni nikiwa nashika ukuta.

Basi la kurudi lilikuwa yen 630 mpaka stesheni ya Katsuura. Kwa atakayekwenda: unapandia mlango mmoja unachukua kikaratasi chenye namba, mbele kuna ubao unaonyesha namba yako inadaiwa kiasi gani, unalipa wakati wa kushuka kwa sarafu. Dereva hana chenji mkononi, kuna mashine pembeni yake inavunja noti ya elfu moja, ivunje basi likiwa limesimama kituoni, usingoje foleni ikujae nyuma kama sisi. Na soma safu sahihi ya ratiba.

Tulishuka kwanza stesheni ya Nachi, kwa sababu ya hekalu dogo karibu na pale, Fudarakusan-ji. Karne nyingi zilizopita watawa wa pale walikuwa wanapandishwa kwenye mashua yenye kijumba, wanafungiwa ndani kwa misumari, chakula cha siku thelathini, wanavutwa mpaka bahari kuu na kuachiwa, waende wakaifikie pepo ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, iliyoko kusini. Zaidi ya ishirini walikwenda hivyo. Mashua waliyotengeneza kwa mfano ipo uani. Babu yangu alikuwa nahodha, nimekulia kwenye mashua, nilichungulia kile kijumba nikatafuta tanga, usukani, dirisha. Tanga lipo. Sikuweza kukaa sana. Jua lilikuwa limezama, tukangoja treni ndogo ya kurudi Katsuura kwenye baridi tumeshikana mikono ndani ya koti moja.

JUMAPILI 26, JODARI

Hii ndiyo sehemu yangu. Katsuura inasifika Japani nzima kwa jodari mbichi, asiyegandishwa, wa kuvuliwa kwa mishipi mirefu. Mnada ni asubuhi kama saa moja, na kuna baraza ya ghorofani ambapo yeyote anaweza kusimama akaangalia bure (Jumamosi hakuna mnada, panga siku zako). Jodari wamelazwa sakafuni kwa mistari, mamia, kila mmoja amekatwa mkia, na wanunuzi wanapita na tochi wanainama kwenye ule mkato, wanaangalia rangi na mafuta ya nyama, wanapapasa, wanaondoka. Hakuna kelele. Mimi nimezoea mnada wa Deep Sea pale kwetu ambapo usipokuwa na sauti hupati samaki. Sakafu inamwagiwa maji kila dakika, hakuna nzi hata mmoja, nilihesabu kwa makusudi. Tulichokuwa tunafundishwa darasani wiki tano nilikiona kwa dakika arobaini.

Karibu na hapo kuna soko dogo la vyakula na beseni la maji ya moto ya asili la kuloweka miguu, bure, kitaulo beba mwenyewe. Tukala wali wenye vipande vya jodari juu, yen 1,500, nikamuomba muuzaji sosi pembeni. Mbichi ndiyo. Laini kama halua. Mwenzangu aliomba wake akaangwe, akaletewa kipande cha kukaanga na unga wa mkate, akasema kingekuwa na ndimu na pilipili ungekuwa uko Lamu.

Mama wa nyumba ya wageni alikuja stesheni. Sikumwambia saa ya treni, nadhani aliuliza. Alileta matonge makubwa ya wali yaliyofungwa majani ya haradali yaliyochachushwa, chakula cha wakata miti wa kule, na kikaratasi ameandika kilichomo, kitu kwa kitu. Tulilala mpaka Osaka.

Zile pipi nyeusi. Zinaitwa Nachiguro, nyeusi kama mawe ya Nachi ambayo wanachongea kete, pakiti imesafiri na mimi mpaka Tanga kwa uangalifu mkubwa. Mama akaweka moja mdomoni, akaizungusha, akanitazama.

"Hii ni sukari guru," akasema. "Umekwenda mpaka Japani kuniletea sukari guru?"

Imebaki robo pakiti, ameificha kabatini.